Fundi Akisema "Tufomati Tu", Funga Lapi Yako Uondoke

Kuna kikundi cha akina mama kule Kajiado mjini ambacho hadi leo wanachama wake wakiniona wanasemezana kwa Kimaasai, kisha wanacheka. Kimaasai changu ni cha kununulia maziwa tu, lakini hilo najua wanachosema. Wanasema, huyu ndiye kijana aliyekula kitabu.

Kitabu chenyewe kilikuwa faili moja ya Excel. Ndani yake mlikuwa na miaka mitatu ya chama: nani alichanga, nani alikopa, nani alilipa na riba yake, nani aliuza mbuzi wawili akamaliza deni. Katibu ni shangazi yangu, ameolewa huko. Faili ilikaa kwenye kipakatalishi cha mwanawe, HP EliteBook 840 G3, zile lapi tunaita "Ex-UK". Mimi ndiye niliyekuwa nimeweka mifumo miwili ndani yake: Windows 10 kwa ajili ya shangazi na Excel yake, Ubuntu kwa ajili ya binamu yangu ambaye anasomea kuunda programu. Ukiiwasha, menyu inakuuliza unaingia wapi. Shangazi alishazoea. Alikuwa akisema, "Mlango wangu ni ule wa chini."

Septemba 2025 akanipigia simu. "Mwanangu, hii kompyuta inasema itakufa mwezi wa kumi." Nikacheka. Nikamwambia haifi, nitakuja Jumamosi. Nikapanda matatu hapa Kitengela, tukapita Isinya, na kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimekaa sebuleni mwake, chai mezani, kifua mbele, msee wa kompyuta wa ukoo mzima. Saa nane mchana miaka mitatu ya chama ilikuwa imeenda.

Nitasema nilivyoipoteza. Lakini kwanza tuongee kuhusu huo mwezi wa kumi, maana wengi wenu bado mko pale pale.

Windows 10 ilitoka Julai 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma yake ya kawaida. Mashine hazikuzima siku hiyo, na zako hazitazima. Kilichokatwa ni viraka vya usalama, yaani wezi wakigundua tundu jipya, hakuna mtu wa kuliziba. Kuna mpango wa ziada unaoleta viraka hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na si lazima ulipe: ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe huko, unasajiliwa bure. Nimekutana na watu wengi sana mtaani wenye Windows 10 ambao hawajawahi kuusikia mpango huu. Fundi hakuwaambia. Fundi angekula nini?

Kwa nini basi usiruke tu hadi Windows 11? Kwa sababu Windows 11 inachagua. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, inataka Secure Boot, na kwa upande wa Intel inataka, isipokuwa mashine chache sana, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Angalia jina la prosesa yako. Ikiwa ni i5-6300U, ile 6 baada ya kistari ndiyo kizazi. Ikiwa ni i5-8250U, uko salama. Ikianza na 10 au 11, wewe ni tajiri, endelea na maisha yako. Sasa fikiria lapi za mkono wa pili ambazo zimesomesha nusu ya vijana wa Kitengela, zile za maduka ya Moi Avenue na Luthuli: 840 G3, ThinkPad T460, Latitude za mwaka 2016. Kizazi cha 6. Mashine nzima, inafanya kazi vizuri, kibodi bado tamu, lakini imefungiwa lango.

Hapo ndipo mifumo miwili inapoingia, na siyo mambo ya wapenda kompyuta peke yao. Ni hesabu ya mfuko. Unabaki na Windows kwa zile kazi ambazo hazikubali kitu kingine, na unaweka Linux kando yake kwa intaneti na kazi za kila siku, kwa sababu Linux bado inapata viraka. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, na tangu hapo ninakula kwa kuandika na kunakili sauti mtandaoni. Mashine yangu ya kizazi cha 6 ndiyo imenilisha. Anayeniambia niitupe ninunue mpya, aje na pesa.

Lakini hii kitu ina hatari zake, na hatari hizo hazielezwi. Fikiria diski yako ni ploti ya futi 50 kwa 100 hapa Kitengela. Familia mbili zimejenga ndani, kila moja na nyumba yake, ila lango la kutokea barabarani ni moja. Familia moja ikiamua kubadilisha kufuli ya lango bila kuambia nyingine, mtu atalala nje. Lango hilo ni kipande kidogo cha diski, mara nyingi cha MB 100 tu, ambamo mifumo yote miwili huweka programu zake za kuwashia. Kila unapopandisha toleo la mfumo mmoja, unamruhusu fundi wa familia moja aguse kufuli ya wote.

Na si nadharia. Tarehe 13 Agosti 2024 Microsoft ilitoa sasisho la kawaida la kila mwezi ambalo lilikusudiwa kuzuia programu za zamani za kuwashia zenye tundu. Kampuni ilisema mashine zenye Windows na Linux pamoja hazitaguswa. Ziliguswa. Watu waliokuwa na Ubuntu, Debian, Mint na wengine waliwasha kompyuta wakapata skrini nyeusi inayowaambia kwa Kiingereza kwamba kitu kimeharibika vibaya sana. Marekebisho kamili yalikuja Mei 2025. Miezi tisa. Mimba nzima.

Sasa hiki ndicho kinachoniudhi. Katika tukio lile, hakuna faili hata moja iliyopotea kwa sababu ya sasisho lenyewe. Data zilikuwa zimekaa palepale, kufuli tu ndiyo ilibadilika. Njia ya kutoka ilikuwa kuzima Secure Boot kwa muda, kuingia Linux, kufuta ile sera mpya kwa amri ya mokutil, kisha kuwasha Secure Boot tena. Dakika kumi. Lakini mwanafunzi wa Kitengela akiona skrini nyeusi hapeleki mashine kwa mokutil. Anaipeleka kwa jamaa wa kibanda kando ya barabara ya Namanga, jamaa anatazama sekunde tano, anasema "hii ni virusi, tufomati tu, leta mia tano." Na hapo ndipo mradi wa mwisho wa diploma unapokufa. Sasisho lilifunga mlango, na huyu akabomoa nyumba.

Hali kama hiyo hutokea mara nyingi zaidi kwa njia ya kawaida. Windows ikipanda toleo kubwa, inaweza kujiweka mbele kwenye foleni, ukiwasha unaingia moja kwa moja kwake na ile menyu ya Linux huioni tena. Watu hulia. Linux haijaenda popote! Zima mashine, iwashe ukigonga F9 kama ni HP, F12 kama ni Dell au ThinkPad, utaona orodha, chagua Ubuntu. Kisha ingia kwenye mipangilio ya kuwashia na urudishe Ubuntu juu ya foleni. Umemaliza, mia tano yako nunua chipsi.

Kuna mtego mwingine ambao ulinisumbua mwaka mzima kabla sijauelewa. Windows ina tabia inayoitwa Fast Startup. Ukibonyeza kuzima, haizimi kabisa. Inalala jicho moja wazi, ikiwa bado imeshikilia diski, ili kesho iamke haraka. Ukiingia Linux wakati huo na kuandika kitu kwenye upande wa Windows, mnaandika wawili kwenye daftari moja gizani. Linux ya siku hizi mara nyingi itakataa, itakuruhusu kusoma tu, na wewe utadhani diski imekufa. Haijafa. Ingia Control Panel, sehemu ya Power Options, pale pa kuchagua kazi ya vitufe vya kuzimia, uondoe alama kwenye Fast Startup. Kama una haraka, shikilia Shift unapobonyeza kuzima. Usipandishe toleo la mfumo wowote kabla ya kufanya hivi.

Saa nayo. Windows huichukulia saa ya ndani ya mashine kuwa ni saa ya hapa kwetu, Linux huichukulia kuwa ni saa ya kimataifa. Kenya iko mbele ya hiyo kwa saa 3, kwa hivyo ukitoka Linux ukaingia Windows, unajikuta umerudishwa nyuma saa 3. Ongeza na saa zetu za Kiswahili zilizo kando kwa saa 6, na mtu unaweza kukosa makataa ya kazi huku ukiapa bado ni asubuhi. Imenitokea. Dawa ni amri moja upande wa Linux: "timedatectl set-local-rtc 1".

Na BitLocker. Hapa naomba uache kusoma kwa haraka. Mashine nyingi, hasa za Windows 11, diski yake imefungwa kwa siri bila wewe kukumbuka kwamba uliikubali, kwa sababu uliingia tu na akaunti ya Microsoft. Siku mambo ya kuwashia yakiguswa, kwa mfano ukizima Secure Boot, Windows inaweza kusimama na kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Bila hizo tarakimu, hakuna fundi, hakuna pasta, hakuna mtu atakayefungua. Ufunguo huwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, upande wa vifaa. Uandike kwenye karatasi leo, ukague mara mbili. Karatasi hiyo usiibandike kwenye lapi yenyewe, tafadhali.

Nirudi Kajiado.

Prosesa ya binamu yangu ni kizazi cha 6, kwa hivyo Windows 11 haikuwezekana kihalali. Kuna wanaoilazimisha kwa ujanja, na inaingia, lakini Microsoft haikuahidi kuipa mashine kama hiyo masasisho, kwa hivyo unaweza kuwa umehama nyumba isiyo na paa ukaingia nyingine isiyo na paa. Nikaamua kupandisha Ubuntu kutoka 22.04 hadi 24.04 ili shangazi aanze kuzoea huko pole pole. Hapa kumbuka jambo moja: Ubuntu 22.04 ina huduma hadi 2027. Hakuna aliyekuwa ananikimbiza. Hiyo Jumamosi haikuwa na dharura yoyote isipokuwa kiburi changu na matatu ya jioni.

Njia ya salama ilikuwa kupandisha ndani kwa ndani, mfumo ujivute wenyewe kupitia intaneti. Hiyo inakula bando nyingi na inachukua muda. Mimi nilikuwa na flashi yenye 24.04 mfukoni. Nikasema nitafuta Ubuntu ya zamani niweke mpya pale pale, bure, bila bando. Katika diski kulikuwa na vipande viwili vya GB 60 kila kimoja. Kimoja cha Ubuntu. Kingine ni stoo ya pamoja niliyotengeneza mwenyewe ili faili zionekane pande zote mbili. Kwenye skrini vimeandikwa sda5 na sda6, hakuna jina, hakuna picha, na ukubwa ni ule ule kwa sababu siku ile nilipovigawa nilipenda mambo ya usawa. Nikachagua sda6. Skrini ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo.

Nilitambua Ubuntu ilipofunguka na bado nikaona ile ya zamani kwenye menyu. Jasho likanitoka. Nilijaribu programu za kufufua hadi usiku. Tulipata picha za harusi, tukapata nyimbo, na faili moja ya Excel iliyofunguka imejaa herufi za ajabu. Nilikuwa nimeshaandika mfumo mzima juu yake.

Akina mama walikaa wiki tatu kukijenga kitabu upya kutoka kwa ujumbe wa M-Pesa kwenye simu zao. Waliolipa kwa simu walikuwa na ushahidi. Lakini kulikuwa na mama mmoja, mkubwa kuliko wote, ambaye hulipa pesa taslimu kila mara, noti zimekunjwa ndani ya leso. Yeye hakuwa na ujumbe wowote. Alisema amemaliza mkopo wake. Baadhi wakasema bado elfu nne. Alinyamaza. Mwishowe walimwamini, lakini ilichukua mikutano miwili, na mimi nilikuwa nimekaa pale kona mikutano yote miwili. Hakuna aliyenitukana. Ningependelea wanitukane.

Kwa hivyo mtu akiniuliza namna ya kupandisha mfumo kwenye lapi yenye mifumo miwili, siku hizi sianzi na mifumo. Naanza na kumwuliza: kitu gani humu ndani kikipotea utashindwa kumwangalia mtu machoni? Hicho kitoe nje kwanza. Kiweke kwenye flashi au diski ya nje, na nakala nyingine mtandaoni. Google wanakupa GB 15 bure, na daftari la chama halifiki hata MB 1. Kisha, na hapa ndipo watu huruka, fungua hiyo nakala kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo hujaifungua ni matumaini tu.

Baada ya hapo ndipo mambo mengine. Vipande vya diski vipe majina, mfumo unaruhusu, uite kimoja STOO ili hata ukiwa umechoka ukione. Piga picha ya mpangilio wa diski kwa simu. Kuwa na flashi ya Linux inayowaka, uijaribu kabla ya kuihitaji, kwa sababu ndiyo itakuwa ufunguo wako wa akiba lango likigoma. Acha nafasi, GB 20 au zaidi upande unaopandishwa. Betri ijaribu: chomoa chaja, ufanye kazi nusu saa. Hizi Ex-UK nyingi betri zake zimezeeka, na stima zetu tunazijua. Tarehe 25 Agosti 2023 giza liliingia karibu nchi nzima kwa saa nyingi, na mtu aliyekuwa katikati ya kupandisha mfumo usiku ule hakuna dua ingemwokoa. Pandisha mfumo mmoja leo, kaa nao wiki nzima, kisha ndipo umguse wa pili. Na usiwe wa kwanza kwenye foleni. Ubuntu 24.04 ilipofunguliwa rasmi kwa watu wa 22.04, mwishoni mwa Agosti 2024, wenyewe walilazimika kusimamisha zoezi siku chache baadaye kwa sababu ya hitilafu kwenye programu ya kupandishia. Waliosubiri hawakupoteza kitu.

Kwa mafundi wetu nina neno moja, na ninalisema nikiwa mmoja wao, wa mlango wa nyuma. Kufomati ni kazi rahisi, ndiyo sababu mnaipenda. Mteja akikuletea lapi, swali la kwanza liwe "data yako iko wapi?" na la pili "una nakala?" Akisema hana, toza mia mbili zaidi umtolee nakala, hakuna atakayelalamika. Vituo vya Ajira Digital, ambavyo vinawafunza vijana kutafuta riziki mtandaoni, ningependa kuona somo hili likitangulia lile la kutafuta wateja. Mtu anayelipwa kwa faili anazotuma, akizipoteza amepoteza mshahara na jina kwa siku moja. Na wewe uliye na lapi, fundi akikataa kujibu maswali hayo mawili, hujamkosea ukiondoka.

Mwezi uliopita shangazi alinipigia tena. Windows ilikuwa imejisasisha na mlango wake wa chini umepotea, inaingia moja kwa moja. Nikamwambia kwa simu agonge F9. Kimya. Kisha nikasikia, "Aa, nimeuona." Lakini alitaka bado nije niangalie, na mwenyekiti akaweka sharti: nisiguse kitu kabla ya nakala kukaguliwa.

Nakala inakaa kwenye flashi ndogo nyekundu. Flashi inakaa ndani ya sanduku la chama, lile la chuma lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa akina mama watatu tofauti. Nilifika saa nne. Mmoja alikuwa sokoni na mbuzi, mwingine kwa binti yake Isinya. Wa tatu alikuwa yule mkubwa wa leso, amekaa kwenye kiti mlangoni na ufunguo wake mkononi. Akaniambia nikae ninywe chai.